Jinsi ya kufanya utafiti wa afya ya mama na mtoto: kuanzia swali hadi mrejesho kijijini

Mwongozo huu ni kwa anayeanza: mwanafunzi wa uzamili wa afya ya jamii, mkunga anayetaka kuchunguza jambo analoliona kila siku leba, au afisa wa timu ya afya ya halmashauri aliyeambiwa atafute kwa nini watoto wachanga wanakufa katika eneo lake. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakoandikia, ila kazi ni ileile ukiwa Kisumu, Gulu au Lilongwe. Kinachobadilika ni majina ya ofisi.

Kuna jambo moja la kubeba tangu mwanzo. Mwaka 2020 Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara ilibeba takriban asilimia 70 ya vifo vyote vya uzazi duniani, na bado ndilo eneo ambalo vifo vingi havipiti kwenye daftari lolote. Mama aliyefia nyumbani hayumo kwenye rejista ya hospitali. Mtoto aliyevuta pumzi mbili tatu kisha akafa huandikwa kuwa alizaliwa mfu, au haandikwi kabisa. Binti wa miaka 16 aliyefichwa kwa shangazi hatajwi karani anapoorodhesha wanakaya. Mara nyingi asiyehesabiwa ndiye aliye hatarini zaidi, na ukimkosa yeye, utafiti wako utaonyesha hali nzuri kuliko ilivyo. Kwa hiyo katika kila hatua jiulize: nani hayumo?

Hatua ya 1: Tafuta swali lenye mwenyewe

Mada na swali ni vitu viwili. "Vifo vya uzazi mkoani Geita" ni mada. "Kati ya akina mama walioandikiwa rufaa na zahanati za wilaya hii mwaka jana, wangapi walifika hospitali, na baada ya saa ngapi?" hilo ni swali. Lina watu wa kulifanyia kazi: Mganga Mkuu wa Wilaya, mratibu wa huduma za afya ya uzazi na mtoto, hata dereva wa gari la wagonjwa. Nenda ukakae nao kabla hujaandika pendekezo. Waulize: tukilipata jibu, mtabadilisha nini? Wakikosa la kusema, tafuta swali lingine. Afadhali upoteze wiki mbili hapo kuliko kuwachosha wanawake 800 kwa maswali ambayo majibu yake hayana wa kuyapokea.

Kama hujui pa kuanzia, tumia mgawanyo uliotolewa na Sereen Thaddeus na Deborah Maine mwaka 1994. Waliugawa ucheleweshaji unaomuua mama katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Ni mgawanyo mkongwe lakini unakulazimisha uchague. Watafiti wengi wachanga hukimbilia ucheleweshaji wa kwanza, wakaishia kuandika kwamba "wanawake wanahitaji elimu". Maoni yangu ni kwamba tumeshawalaumu wanawake vya kutosha. Kaa leba usiku mmoja, angalia damu salama inapatikana baada ya muda gani, na chumba cha upasuaji kinafunguliwa na nani saa nane za usiku. Utapata maswali mengi kuliko unayoweza kuyabeba.

Usiogope pia kupima jambo linalodhaniwa linajulikana. Kwa miaka mingi, kumpa dripu ya kasi mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko ilihesabiwa kuwa tiba isiyo na mjadala. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 na kutoa matokeo mwaka 2011, ulionyesha kinyume. Ndani ya saa 48 walikufa takriban asilimia 10.6 ya watoto waliopewa maji ya kasi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa. Mazoea yale yalitoka kwenye hospitali zenye vyumba vya wagonjwa mahututi, na yalikuwa hayajapimwa kwenye wodi zetu zenye malaria kali na upungufu wa damu.

Hatua ya 2: Soma kilichopo, na ujue kila namba imezaliwaje

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 uliweka vifo vya uzazi Tanzania kwenye 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2015-16 ulikuwa umesema 556. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa 2023 yaliiweka nchi hiyohiyo kwenye 238 kwa mwaka 2020. Anayeanza huchagua namba inayoipendeza hoja yake. Wewe uliza kwanza kila moja ilipatikanaje. Tafiti za kaya huwauliza watu wazima kuhusu dada zao waliofariki, hutazama nyuma miaka kadhaa, na hutegemea vifo vichache, kwa hiyo kosa la makadirio ni kubwa. Makadirio ya Umoja wa Mataifa huchanganya vyanzo kadhaa kwa hesabu za kitakwimu. Ukinukuu namba, andika na chanzo, kipindi kinachohusika na njia iliyotumika.

Soma pia fasili. Kwa Shirika la Afya Duniani, kifo cha uzazi ni cha mwanamke aliyekufa akiwa mjamzito au ndani ya siku 42 baada ya mimba kuisha, kwa sababu iliyotokana na mimba au kuzidishwa nayo. Ajali ya bodaboda haimo. Malaria iliyozidishwa na ujauzito imo. Aliyekufa siku ya 50 kwa kifafa cha mimba kilichoacha figo zimeharibika huingia kwenye kundi la vifo vya uzazi vya kuchelewa, na hospitali nyingi humsahau.

Namba moja zaidi inafaa kukukalia kichwani. Kati ya tafiti hizo mbili za Tanzania, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Vifo vya watoto wachanga, yaani wa mwezi wa kwanza, vilitoka 25 hadi 24, na lengo la dunia ni 12 ifikapo 2030. Chanjo na vyandarua vimemsaidia mtoto aliyevuka mwezi mmoja. Wa siku ya kwanza bado anasubiri mkunga mwenye mfuko wa kumpulizia hewa. Kama unatafuta eneo lenye uhitaji wa utafiti, ni hapo.

Takwimu za vituo vya afya, zile za MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya) zinazoingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2, ni hazina na ni za bure, ila zina mtego. Zinahesabu waliofika. Halafu rufaa huzipotosha: hospitali ya rufaa ya mkoa huonekana ina vifo vingi kwa sababu inapokea akina mama walioharibikiwa njiani kutoka wilaya tano. Ukilinganisha vituo bila kutenganisha waliotoka kwingine, utaitukana hospitali inayobeba mzigo wa wote. Tangu Februari 2025, Marekani ilipokata fedha za mpango wa kimataifa uliokuwa ukisaidia tafiti za kaya za DHS, kama zile mbili za Tanzania hapo juu, katika nchi nyingi, takwimu hizi za vituo zimezidi kuwa muhimu. Jifunze kuzisafisha.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kuchagua muundo

Hapa ndipo mapendekezo mengi huanguka. Tuseme eneo lako lina vifo vya uzazi 200 kwa kila vizazi hai 100,000. Ukifuatilia vizazi 1,000, kazi kubwa kwa mwanafunzi, utategemea vifo viwili. Viwili havikuambii chochote. Ukifuatilia 10,000 utategemea 20, na hata hapo makadirio yako yatakuwa popote kati ya 120 na 310 kwa kila 100,000. Kwa bajeti ya kawaida, basi, usiahidi kupima kiwango cha vifo vya uzazi cha wilaya. Una njia nyingine za kuliendea jambo hilohilo.

Ya kwanza ni kuwachunguza akina mama walionusurika kifo: waliotokwa damu hadi kuishiwa nguvu, waliopata degedege la kifafa cha mimba, waliopasuka kizazi wakaokolewa. Ni wengi kuliko waliokufa, wanaweza kukusimulia wenyewe kilichotokea, na Shirika la Afya Duniani lina vigezo vya kuwatambua. Ya pili ni kupitia kila kifo kimoja kimoja kwa kina pamoja na kamati ya hospitali ya kupitia vifo vya mama na watoto wachanga. Ya tatu ni mahojiano na ndugu kuhusu dalili za kabla ya kifo, kwa dodoso la Shirika la Afya Duniani, ili kukadiria sababu ya kifo kilichotokea nyumbani. Subiri arobaini ipite kabla ya kubisha hodi, ila usikae zaidi ya mwaka, maana kumbukumbu huchakaa. Ya nne ni kuuliza watu wazima kuhusu dada zao: wangapi walifika utu uzima, wangapi wamefariki, na kati ya hao wangapi walikufa wakiwa wajawazito, wakijifungua, au ndani ya wiki sita baada ya kujifungua. Njia hiyo ilijaribiwa Gambia na kuchapishwa mwaka 1989. Inakupa picha ya miaka mingi iliyopita, kwa hiyo haifai kupima mradi wa mwaka jana.

Kwa jambo la kawaida zaidi, kama wangapi walihudhuria kliniki au watoto wangapi wamedumaa, utafiti wa kaya unatosha. Hesabu ya kuanzia ni 1.96 mara 1.96, mara 0.5 mara 0.5, gawanya kwa 0.05 mara 0.05: unapata 385 (1.96 ni ya uhakika wa asilimia 95, 0.5 ni makisio ya kiwango unachopima, na 0.05 ni kosa unalolikubali). Usiishie hapo, kama wanavyoishia wengi. Kwa kuwa utachagua vijiji kwanza kisha kaya, na watu wa kijiji kimoja hufanana, zidisha mara mbili ukikosa makadirio bora zaidi: 770. Ongeza nafasi ya wasiopatikana au watakaokataa, tuseme asilimia 10: 770 gawanya kwa 0.9, unapata 856. Hiyo ndiyo namba ya kuibebea bajeti.

Na nani hayumo? Fikiria mzazi wa kwanza aliyekwenda kujifungulia kwao. Orodha ya kaya ya kwa mume inamkosa, na ya kwao inamhesabu kama mgeni. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanawafahamu hawa. Kaa nao na rejista ya wajawazito ya zahanati, fuatilia majina yaliyopotea kati ya hudhurio la kwanza na siku ya kujifungua. Wafugaji wanaohama wanahitaji mpango wao peke yao: ukienda kiangazi utakuta maboma matupu.

Hatua ya 4: Vibali

Anza mapema, maana hili huchukua miezi. Tanzania Bara unaanzia kamati ya maadili ya taasisi yako, kisha kamati ya kitaifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Chuo ndicho kitakachokuambia kama utafiti wa mwanafunzi unaishia kwao au unakwenda mbele. Ukiingia vituo vya afya vya halmashauri unahitaji barua kutoka TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa), mkoa na wilaya. Mtafiti mgeni anahitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na majaribio ya dawa hupita kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya na kamati yake, na kibali cha Bara hakikuingizi huko. Kenya ni kamati iliyosajiliwa pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na ruhusa ya kaunti. Uganda ni kamati ya maadili na UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Nchi hizi tatu zina sheria za ulinzi wa taarifa binafsi: Kenya na Uganda tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Ukitaka kupeleka sampuli za damu nje ya nchi, andaa makubaliano ya kuhamisha sampuli. Jaribio la tiba lisajiliwe kabla ya mshiriki wa kwanza kuingia. Daftari la majaribio la Afrika nzima, PACTR, liko Cape Town.

Kisha nenda kijijini. Mtendaji, mwenyekiti wa kitongoji, mfawidhi wa zahanati, viongozi wa dini, na akina mama wenyewe kupitia vikundi vyao. Barua yenye mhuri wa wizara haimfungulii mtu mlango kwa bibi ambaye hajui umetoka wapi.

Hatua ya 5: Ridhaa ya kweli

Habari za mumiani bado zipo. Ukifika kijijini na gari jeupe, mabegi na vichupa vya damu, usishangae watoto wakifichwa. Dawa yake ni kueleza mapema, hadharani, kwenye mkutano wa kijiji: tutachukua damu kiasi gani, ya nini, itapelekwa wapi, itatupwaje ikishapimwa. Onyesha kile kichupa. Kama ni tone la kidole, mchome kwanza mtu wa timu yako mbele yao. Kilifi, pwani ya Kenya, kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya nchi hiyo, kimekuwa na wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wananchi, wanaopeleka maswali ya watu kwa watafiti na kurudisha majibu. Hata utafiti mdogo unaweza kuwa na watu watano wa namna hiyo.

Fomu ya ridhaa isomeke kwa lugha ya nyumbani. Kwa mama wa Meatu au Ngorongoro, Kiswahili kinaweza kuwa lugha ya zahanati na shule tu. Tafsiri kwenda Kisukuma au Kimaasai, kisha mtu mwingine airudishe kwa Kiswahili uone kama maana imesimama. Mkalimani asiwe mume wala mama mkwe. Mwanamke hatasema mimba ngapi zimeharibika mbele ya mama mkwe.

Usimwombe saini mama aliye kwenye uchungu. Hana nafasi ya kufikiri, na anaweza kuamini kwamba akikataa hatahudumiwa. Kama utafiti wako ni wa leba, eleza kliniki wakati wa ujauzito, kisha mkumbushe tu siku yenyewe. Kwa dharura kuna utaratibu ambao FEAST waliutumia: kauli ya mdomo ya mzazi kwanza, maelezo kamili na saini mtoto akishatulia. Ni lazima kamati ya maadili iukubali mapema, na mzazi abaki na haki ya kusema hapana baadaye. Kwa wasichana wajawazito walio chini ya miaka 18, kanuni za nani anatoa ridhaa hutofautiana kati ya nchi na nchi. Peleka suala hili kwa kamati kwa maandishi. Kuwaacha nje kabisa kwa sababu ni usumbufu ndilo kosa kubwa zaidi: katika utafiti wa 2022, Tanzania ilikuwa na asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kushika mimba.

Na lolote utakalolipima, uwe na mahali pa kulipeleka. Ukimkuta mjamzito mwenye hemoglobini chini ya 7, au mtoto mwenye utapiamlo mkali, anatakiwa afike kwenye huduma siku hiyohiyo, na nauli itoke kwenye bajeti yako. Ukiuliza kuhusu ukatili wa nyumbani, hoji mwanamke mmoja tu kwa kaya, faraghani, na uwe umeshaongea na ustawi wa jamii kabla.

Hatua ya 6: Kuuliza kuhusu mtoto aliyekufa

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hakuna sehemu inayopoteza ukweli mwingi kama hii. Ukiuliza "una watoto wangapi?", utahesabiwa walio hai. Uliza historia ya mimba zote, kuanzia ya kwanza, moja baada ya nyingine: mimba ilidumu miezi mingapi, iliishaje, mtoto yuko wapi sasa. Kuuliza mimba zote huibua watoto wengi zaidi waliozaliwa wafu kuliko kuuliza waliozaliwa hai pekee. Kwenye nafasi ndefu kati ya watoto wawili, rudi taratibu. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mama, kati ya Neema na huyu mdogo wake naona imepita miaka minne. Hapo katikati kulikuwa na mimba nyingine, hata kama haikufika mwisho?"

"Kulikuwa na mmoja. Hakukaa."

"Pole sana, mama. Alipozaliwa alilia, au alivuta pumzi, au alijitikisa hata kidogo?"

"Alilia kidogo. Alfajiri akawa hayupo."

Huyo ni mtoto aliyezaliwa hai akafa siku ya kwanza. Bila swali la pili angeandikwa mfu. Bila swali la kwanza asingekuwepo kabisa. Mfundishe mhojaji wako kunyamaza baada ya "pole", kuacha kalamu au simu chini, na kutokimbilia swali linalofuata. Mfundishe pia kwamba "hakukaa", "alirudi" na "tulimpoteza" zote ni habari za kifo, na kila eneo lina maneno yake. Kusanya maneno hayo kwenye majaribio ya dodoso, wiki kadhaa kabla ya kazi kuanza. Kwa kulinganisha kimataifa, aliyezaliwa mfu huhesabiwa kuanzia wiki 28 za mimba, kwa hiyo miezi ya ujauzito iulizwe kwa uangalifu uleule.

Wahojaji wawe wanawake, ikiwezekana waliowahi kuzaa, lakini wasitoke kijiji hichohicho. Jioni kaeni pamoja muulizane habari za siku. Anayesikia vifo vinne kwa siku moja anahitaji kuongea na mtu kabla ya kulala.

Hatua ya 7: Kupima

Mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa wa kushoto, katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko. Kunja mkono kwanza ili upate katikati, weka alama, kisha unyooshe uning'inie. Utepe uguse ngozi bila kuibana wala kuacha nafasi. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. Tofauti ya milimita mbili inaweza kumnyima mtoto chakula dawa, kwa hiyo pima mara mbili. Aliye chini ya miaka miwili hupimwa urefu akiwa amelala, na mkubwa hupimwa amesimama. Mzani ujaribiwe kila asubuhi kwa uzito unaojulikana. Umri uchukuliwe kwenye kadi ya kliniki, na kama haipo tumia kalenda ya matukio ya pale: mavuno, Ramadhani, uchaguzi. Hemoglobini irekebishwe kulingana na mwinuko: mama wa Makete na mama wa Pangani hawawezi kusomwa kwa kipimo kimoja.

Kwa damu ya baada ya kujifungua, usitegemee macho. Macho hupunguza, hata ya mkunga mzoefu. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa 2023, ulitumia mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo unaowekwa chini ya mama, pamoja na matibabu yote kutolewa kwa mkupuo. Utambuzi wa kutokwa damu nyingi ulikuwa asilimia 93, wakati kwa huduma ya kawaida ulikuwa 51. Madhara makubwa ya kutokwa damu, ikiwemo kifo, yalipungua kwa asilimia 60. Nusu ya akina mama waliokuwa wakitokwa damu nyingi walikuwa hawaonekani, tena wakiwa kitandani mbele ya mhudumu.

Hatua ya 8: Kusafisha na kuchambua

Kusanya kwa simu kwa programu kama ODK au Kobo, na angalia data kila usiku wakati timu bado iko uwanjani. Kisha chora mgawanyo wa kila kipimo. Uzito wa kuzaliwa ukirundikana kwenye gramu 2,500 na 3,000, mizani ilisomwa kwa makadirio. Kwa kuwa mtoto mwenye uzito pungufu ni aliyezaliwa na chini ya gramu 2,500, kuzungusha namba kidogo kunafuta tatizo zima kwenye ripoti. Vifo vikirundikana siku ya 7 au mwezi wa 12, wahojaji walikubali "wiki" na "mwaka" bila kudadisi. Mhojaji ambaye watoto wote aliowahoji wako hai, katika eneo ambalo wenzake wamepata vifo, amefupisha kazi.

Uchambuzi uzingatie kwamba ulichagua vijiji kwanza, la sivyo makosa yako ya makadirio yataonekana madogo kuliko yalivyo. Wasiopatikana walinganishe na waliopatikana kwa umri, uzazi wa kwanza na umbali kutoka barabarani, na jedwali hilo uliweke mbele kwenye ripoti, kabla ya matokeo.

Hatua ya 9: Mrejesho

Mwaka wa fedha wa serikali Tanzania, Kenya na Uganda huanza tarehe 1 Julai. Matokeo yakifika kwa mganga mkuu mwezi Juni yameikosa bajeti, na yatasubiri mwaka mzima. Panga kuyafikisha wakati halmashauri inaandaa Mpango Kabambe wa Afya, kwa kurasa mbili zenye mambo matatu ya kufanya na gharama zake. Ripoti ndefu ibaki kwa atakayeiomba.

Kijijini rudi kwenye mkutano uleule ulioombea ruhusa. Sema mlichokipata kwa idadi ya watu badala ya asilimia: "kati ya kila akina mama kumi wa hapa, wanne walijifungulia nyumbani". Usitoe mfano unaomtambulisha mtu. Kijiji kikiwa na kifo kimoja cha mama mwaka ule, kila mtu anajua ni nani, hata ukificha jina.

Kwenye makala ya jarida, mkunga na mratibu wa wilaya waliochangia swali na uchambuzi wawe waandishi, wala wasiishie kwenye mstari wa shukrani. Waulize mapema, wasomee rasimu. Halmashauri ibaki na nakala ya data isiyo na majina, pamoja na maelezo ya kila safu ili afisa ajaye aweze kuitumia. Orodha inayounganisha majina na namba za washiriki ifungiwe mahali pengine, na iharibiwe muda uliokubaliwa na kamati ya maadili ukifika.